Hatari ya Neno “Tu”: Fundisho la Ulimbo wa Buibui



Lugha yetu ina neno moja dogo ambalo hata mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, nalo ni neno “tu”. Likiwekwa mahali pake ni neno lenye manufaa. Mwenye duka asemaye kwamba amebakiwa na kilo mbili tu za sukari asema kweli, wala hamdhulumu mtu. Lakini likiwekwa mahali pasipo pake, laweza kuvunja heshima ya mtu kuliko tusi. “Huyu ni kibarua tu.” “Yule ni mwendawazimu tu.” “Mzee huyu sasa ni mdomo wa kulishwa tu.” Tena liko “tu” moja lililo kubwa kuliko haya yote, ambalo baadhi ya vijana wetu hulileta nyumbani kutoka masomoni: “Mtu ni kemikali tu.”

Wazazi wengine wakisikia neno hilo hukasirika, na wengine huogopa. Aliyekasirika humwamuru kijana anyamaze; aliyeogopa huanza kuishuku shule. Njia zote mbili hazifai, maana kijana hakudanganywa alipofundishwa kwamba ndani ya mwili wake mna maji, chokaa, chuma na chumvi. Hayo ni kweli, na kweli haiogopwi. Lililobaki ni swali: je, tukiisha kutaja vitu vyote vilivyomo ndani ya kitu fulani, tumekwisha kusema kitu hicho ni nini? Hili ni swali la kale sana, na jibu lake lina matokeo katika mishahara tunayolipa, katika hospitali zetu, na mezani petu wakati wa chakula. Twataka kulichunguza leo. Lakini hatutaanza na mtu, kwa kuwa juu ya mtu kila mmoja wetu ana upande wake. Tutaanza na kiumbe kidogo ambacho hakuna agombaye kwa ajili yake, yaani buibui, na hasa ulimbo autiao katika utando wake.

KAZI YA FUNDI MDOGO

Buibui ni wa aina nyingi, wala si wote watumiao ulimbo. Wako wawindao kwa mbio na kwa kuruka. Sisi twasema juu ya wale wafumao tando za duara, zile zionekanazo asubuhi zikimetameta kwa umande kati ya migomba au juu ya ua wa nyumba. Jike aliyekomaa wa jamii hii aweza kuwa na tezi za namna saba tumboni mwake, na kila namna hutoa uzi au majimaji yenye kazi yake.

Kwanza buibui hutoa uzi mkavu wenye nguvu nyingi. Kwa uzi huo hufanya ukingo wa utando, na pia nyuzi zitokazo katikati kwenda pembeni kama spoku za gurudumu la baiskeli. Nyuzi hizo hazinati hata kidogo. Kisha huzungusha uzi mwingine wa muda, mfano wa jukwaa la waashi, nao pia haunati. Mwisho huanza upande wa nje kurudi katikati, akizungusha uzi wa kunasia na kuliondoa jukwaa kadiri aendavyo. Uzi huu wa mwisho ndio wenye ulimbo. Hutoka katika tezi moja, na papo hapo hupakwa majimaji yatokayo katika tezi za jirani. Majimaji hayo kwanza huufunika uzi kama ngozi nyembamba, kisha hujigawa yenyewe kuwa matone yaliyopangana kama shanga, mengi yakiwa madogo kuliko unene wa unywele. Kwa shanga hizo nzi aliye mzito, mwenye nguvu na mbio, hukamatwa akashikwa mpaka mwenye utando amfikie.

KUNATA KUMO KATIKA NINI?

Watoto wengi wa vijijini wanaujua ulimbo. Huchukua utomvu wa mti, wakaupika mpaka uwe mzito, wakaupaka katika vijiti ili wanase ndege. Ukimwuliza mtoto ulimbo wake wanata kwa sababu gani, atakujibu bila kusita: kwa sababu ya utomvu. Wataalamu nao waliotaka kujua siri ya ulimbo wa buibui walitafuta kwanza kitu kimoja cha namna hiyo, na kwa kweli walikipata. Ndani ya kila tone mna protini. Protini ni mfano wa mnyororo mrefu mno, uliounganishwa kwa pingili ndogo za namna ishirini hivi. Na katika protini za ulimbo huu pingili nyingi zimebeba sukari. Minyororo hiyo yenye sukari ndiyo inayomshika mdudu.

Kila mnyororo wa namna hiyo hufanywa kwa kufuata maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kiumbe, yaani jeni, ambayo huandikwa kwa herufi nne tu. (Hapa neno “tu” liko mahali pake.) Kwa muda mrefu wataalamu waliweza kusoma vipande vya jeni za ulimbo, wasiweze kuzisoma nzima, kwa sababu zina maneno yaleyale yaliyorudiwa mara nyingi. Fikirini kitabu chenye ukurasa mmoja uliopigwa chapa mara nyingi, kisha kikapasuliwa vipande vidogo. Nani ataweza kujua kipande kipi kilitoka wapi? Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Marekani, Sarah Stellwagen na Rebecca Renberg, walitangaza kwamba wamezisoma zote mbili mwanzo hadi mwisho, kutoka kwa buibui aitwaye Argiope trifasciata. Protini hizo huitwa AgSp1 na AgSp2, na jeni ya ile ya kwanza ina herufi zaidi ya 42,000.

Basi mwenye kupenda neno “tu” atafurahi hapa, aseme: “Mmeona? Ulimbo wa buibui ni protini tu.” Lakini asiende upesi. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Akron, katika jimbo la Ohio, pamoja na wenzao, walieleza yatokeayo uzi wa kunasia ukioshwa kwa maji. Maji hayo huondoa chumvi mbalimbali zilizomo katika matone, na protini hubaki palepale juu ya uzi. Ingekuwa kunata ni jambo la protini peke yake, uzi ungeendelea kunata. Sivyo ilivyokuwa. Minyororo ya protini ilinywea na kujikunja, na nguvu ya kunata ikapotea. Wala hewa yenye unyevu haikutosha kuirudisha. Chumvi ndizo zilizokuwa zikiilainisha minyororo hiyo ili iweze kujinyosha na kumgusa mdudu vizuri.

Je, tuseme basi kwamba ulimbo ni chumvi tu? Chumvi peke yake hainasi nzi. Kazi yake nyingine ni kuvuta unyevu kutoka hewani. Na unyevu huo huufanya hata uzi wenyewe uwe laini na wenye kuvutika, maana ukikauka huwa mgumu. Je, ni maji tu? Maji yakipungua mno, ulimbo hukakamaa usiweze kuenea juu ya mwili wa mdudu; yakizidi, hulegea ukaachia upesi. Je, ni tone moja lenye nguvu za ajabu? Tone moja ni dhaifu. Mdudu akivuta, matone mengi yaliyo kandokando huvutika pamoja na uzi wao na kugawana mzigo. Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena kuna jambo la mwendo. Mwaka 2010 wataalamu wa Akron walionyesha kwamba tone la ulimbo likivutwa kwa kasi hushika kwa nguvu zaidi, na likivutwa polepole hunyumbuka kama mpira na kurudi. Kwa hiyo nzi ajaye mbio hushikwa imara kwa sababu ya mbio zake mwenyewe, na anapojivutavuta baadaye ulimbo humfuata bila kukatika.

Kuna na jambo la mahali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulilinganisha buibui wakaao sehemu kavu na wakaao sehemu zenye unyevu mwingi. Ikaonekana kwamba ulimbo wa kila mmoja hunata vema kabisa katika unyevu wa hewa ya kwao. Ulimbo bora wa bondeni si lazima uwe bora mlimani.

Hatimaye kuna jambo la yule anayeguswa. Nondo, kama alivyoeleza Thomas Eisner na wenzake mwaka 1964, mara nyingi huponyoka, kwa kuwa mabawa yake yamefunikwa unga wa magamba madogo. Magamba hubaki juu ya ulimbo naye akaenda zake. Na buibui mwenyewe hutembea katika mtego wake bila kunaswa. Mwaka 2012 watafiti Briceño na Eberhard walieleza sababu zake: huuinua mguu kwa uangalifu, mguu huo una vinyweleo vya umbo la pekee, na ngozi yake imepakwa kitu kinachopunguza kushikwa. Kila aliyewahi kupasua fenesi baada ya kupaka mafuta mikononi aelewa jambo hili.

Basi, kunata kumo katika nini? Hakumo katika protini peke yake, wala katika chumvi, wala katika maji, wala katika uzi, wala katika tone moja. Hata ulimbo mzima haunati vilevile kila mahali wala kwa kila aguswaye. Hata hivyo kunata si ndoto. Nzi aliyenaswa hana shaka nako.

HERUFI NNE NA MANENO MANNE

Jambo hili lilifikiriwa na Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyeishi miaka 384 hadi 322 kabla ya Kristo, ambaye hakujua lolote juu ya protini. Mfano wake ulikuwa silabi. Silabi “ba”, alisema, si sawa na herufi b na herufi a. Kwa maana ukizitenga, silabi haiko tena, lakini herufi zote mbili zingaliko. Kwa hiyo silabi ni kitu kingine zaidi ya herufi zake.

Sisi wenye Kiswahili twaweza kuuongeza mfano huo. Chukueni herufi nne: a, i, l, m. Zipangeni hivi, mtapata “lima”. Zipangeni vingine, mtapata “mali”. Tena zipangeni, mtapata “mila”. Na tena, mtapata “imla”, ile ambayo mwalimu huwasomea watoto waandike. Herufi hazikuongezeka wala hazikupungua. Asemaye kwamba mila ni herufi nne tu, na mali ni herufi nne tu, hana njia ya kueleza kwa nini mtu arithipo mali hajarithi mila.

Mtu aweza kuuliza: hicho kingine zaidi ya herufi ni nini? Je, ni herufi ya tano iliyofichika? Aristotle aliliona swali hilo pia, akajibu sivyo. Kama kinachoziunganisha herufi kingekuwa herufi nyingine, basi ingehitajika nyingine tena ya kuiunganisha hiyo na zile za kwanza, na nyingine tena juu ya hiyo, bila mwisho. Kinachozifanya kuwa neno si kipande kati ya vipande. Ni mpango wake: kila kimoja kuwa mahali pake, kwa ajili ya kitu kizima. Wahenga wa pwani waliliona jambo hilohilo waliposema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbao zilezile na misumari ileile, vikirundikwa ufukweni, havimvushi mtu hata mmoja hadi Unguja.

JIBU LA MWENYE “TU”

Lakini tumsikilize mwenzetu wa upande wa pili, kwa kuwa si mjinga. Atasema: “Haya yote mliyotueleza juu ya ulimbo yalijulikana kwa kuchunguza vipande. Protini, chumvi, maji, uzi: hapana jini ndani ya tone. Mmejipinga wenyewe.”

Hatukujipinga. Twakubali kwamba hapana jini ndani ya tone, na kwamba bila kuchunguza vipande tungebaki gizani. Tunachokataa ni hatua ya mwisho, ile ya kudhani kwamba kueleza vipande ni kukifuta kitu kizima. Tena tuwatazame wataalamu wenyewe jinsi walivyofanya kazi. Hawakuridhika na orodha ya vitu. Iliwabidi waulize juu ya unyevu wa hewa, mbio za mdudu, magamba ya nondo na mguu wa buibui. Mtu aliye na herufi zote 42,000 za jeni ile mezani pake, asijue kwamba duniani kuna nzi na umande, asingeweza kujua amesoma habari ya nini. Waujuao ulimbo zaidi ndio wanaosema “tu” mara chache zaidi.

Liko na jambo lingine la kumpa mawazo. Buibui wengi wa jamii hii hula tando zao kuukuu kabla ya kufuma mpya. Mwaka 1971 mtaalamu David Peakall alionyesha kwamba sehemu kubwa ya protini za utando ulioliwa huonekana tena katika utando mpya. Vitu vya leo ni vilevile vya jana, vilivyopita tumboni na kufumwa upya. Na kabla ya hapo baadhi yake vilikuwa mwili wa nzi au panzi. Vitu huja na kupita, mpango hudumu. Nasi je? Sehemu kubwa ya vitu vya miili yetu pia huja na kwenda kwa chakula na pumzi. Lakini aliyekopa miaka kumi iliyopita hawezi kumwambia mdai wake, “Maji yaliyokuwa mwilini mwangu siku ile yamekwisha kutoka, mdai huyo mwingine.” Wala aliyeapa mbele ya altare siku ya arusi yake hawezi kusema hivyo kwa mkewe. Tunapodaiana ahadi, sisi sote, hata mwenye “tu”, twakiri kwamba mtu ni zaidi ya hesabu ya vitu vilivyomo ndani yake wakati huu.

MFANO UNA MWISHO WAKE

Hata hivyo yatupasa kuwa waaminifu, tusiutwike ulimbo wa buibui mzigo usio wake. Haututhibitishii kwamba roho ya mtu haifi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225–1274), aliyeyachukua mafundisho ya Aristotle aliposema juu ya roho na mwili, alijua kwamba kila kiumbe kizima kina mpango wake, hata mgomba na buibui. Lakini kwa kudumu kwa roho ya mtu alitafuta sababu nyingine, hasa kwamba mtu ana akili ya kuijua kweli. Mzazi asimwambie mwanawe kwamba sayansi ya ulimbo imethibitisha katekisimu. Kijana mwerevu ataona kwamba hoja haikufika huko, na kesho hatasikiliza hata hoja iliyo nzuri. Ulimbo unatuthibitishia jambo moja, dogo lakini imara: kwamba kutoka maneno “kitu hiki kina vitu hivi” hapana njia halali ya kufika maneno “kitu hiki ni vitu hivi tu”.

Mwisho wa pili wa mfano ni wa hatari zaidi. Kwa kuwa tumeona jinsi vipande vinavyopata maana katika kitu kizima, mtu aweza kukimbilia kusema: basi na kila mmoja wetu ni kipande cha taifa, au cha ukoo, au cha kampuni, na thamani yake ni ile anayochangia. Hili nalo ni “tu”, ila limegeuzwa: mtu ni tone tu katika utando. Karne ya 20 ilionyesha watu walivyoteketezwa kwa mamilioni chini ya watawala walioamini hivyo. Chumvi katika tone haina furaha yake wala huzuni yake; ikiisha kutumika haikudhulumiwa. Mtoto, kibarua na mjane wana furaha yao na huzuni yao. Kila mmoja wao ni kitu kizima kabla hajawa sehemu ya lolote. Yafaa ashirikiane na wenzake, wala hawezi kuishi vema bila wao, lakini si halali atumiwe kama kifaa. Wala tusisahau kwamba utando wa buibui, pamoja na uzuri wake wote, ni mtego.

NENO LA KUWEKA MAHALI PAKE

Turudi sasa kwa wale tuliowataja mwanzoni. Tajiri asemapo “kibarua tu”, amehesabu mikono miwili na masaa manane, akalipa bei ya mikono na masaa. Hakukosea kuhesabu; kazi haina budi kuhesabiwa. Kosa lake ni kudhani kwamba hesabu imekwisha. Mikono ile haikuja peke yake kiwandani. Imekuja na mtu mwenye nyumba, mwenye watoto wanaosubiri karo, mwenye jina analotaka liheshimiwe. Mshahara usioweza kumlisha mtu huyo na watoto wake umelipwa kwa mikono, haukulipwa kwa mtu.

Vivyo hivyo hospitalini. Mganga hana budi kujua ini, damu na mapafu ya mgonjwa, tena ajue vizuri kuliko kitu chochote. Lakini mgonjwa akiisha kuitwa “lile ini la kitanda cha sita”, jambo fulani limeharibika, na si adabu peke yake. Mgonjwa asiyesemeshwa haelezi yote yaliyompata. Asiyeeleza hatibiwi vema. Kama ulimbo ulivyohitaji kuulizwa habari za hewa na nzi, ndivyo homa ya mtu inavyohitaji kuulizwa habari za nyumba yake, kazi yake na wasiwasi wake.

Na nyumbani kwetu je? Mzee asiyeweza tena kulima hula bila kuleta kitu. Hiyo ni kweli ya hesabu. Aliye mgonjwa wa akili hawezi kulindiwa siri wala kukabidhiwa fedha. Hiyo nayo yaweza kuwa kweli. Lakini hapana hesabu itakayokuonyesha kwamba huyo si baba yako tena au si dada yako tena, kwa maana ubaba na udada havikuwa kamwe kipande kimoja kati ya vipande vyake, cha kuweza kuanguka na kupotea. Mila zetu za kumpa mzee maji ya kunawa kwanza, na kumwamkia shikamoo hata asipojibu, zinalijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi.

Basi, ndugu wazazi na walimu, kijana akileta nyumbani neno lake kwamba mtu ni kemikali tu, msimfukuze mezani. Mwambieni kwamba nusu ya kwanza ya neno lake ni kweli, tena mshukuruni kwa kuwaeleza aliyojifunza. Kisha mwombeni abadili neno moja dogo, aondoe “tu” na kuweka “pia”. Mtu ni kemikali pia. Yule kibaruani ni mikono pia. Mzee yule ni mdomo wa kulishwa pia. Semeni hivyo kwa sauti, mtaona jinsi sentensi inavyokataa kuishia hapo, inavyotaka kuendelea na kusema kingine. Hicho kingine ndicho kila mmoja wetu anachodaiwa na jirani yake, kesho asubuhi atakapokutana naye njiani, dukani au kazini.